Msumari wa Nungunungu

Ilikuwa mwaka ule tulioezeka upya karakana. Hapana, nimekosea. Bati tulilipata mwaka uliofuata, maana nakumbuka mvua ilikuwa bado inatudondokea juu ya makochi mpwa wangu alipoanza kushika tumbo. Basi tuseme mwaka mmoja kabla ya bati.

Huyu mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka ishirini na mbili, fundi wa makochi, na mimi ndiye niliyemfundisha. Kuvika kochi kunataka mikono mitatu: mmoja uvute kitambaa, mmoja ushike nyundo, wa tatu utoe misumari. Kwa kuwa tumepewa miwili, misumari tunaiweka mdomoni. Ni mifupi, haifiki urefu wa ukucha. Ulimi unageuza mmoja, kichwa kinatangulia nje, nyundo ya sumaku inauchukua hapo hapo kwenye midomo. Mpwa wangu alijaza mpaka ikawa inachungulia nje, ndiyo maana karakana nzima ikamwita Nungunungu.

Siku moja akapiga chafya kazini. Akatema misumari kiganjani, akaihesabu.

"Mjomba, niliweka kumi na miwili. Hii ni kumi na mmoja."

"Hesabu zako tunazijua," akasema mama wa cherehani bila kuinua kichwa. "Juzi umekata mito mitano ya kochi la watu wanne."

Nungunungu hakucheka. Tumbo lake lilikuwa linawaka wiki nyingi kabla ya hapo. Akila kidogo anajaa, anacheua uchungu. Lakini tangu chafya ile ugonjwa ukapata jina: msumari. Akaacha chakula kigumu, akawa anakunywa uji na kutembea wima kama aliyebeba mayai. Akaniambia watampasua, na akipona hagusi tena kochi, atauza vocha za simu. Nami sikuwa na mwingine wa kumwachia benchi. Nakiri hilo liliniuma kuliko tumbo lake.

Nikampeleka hospitali. Eksirei haikuonyesha chuma chochote, naye hakuiamini. Daktari, dada mmoja mpole, akasema kijana wa umri wake kwa kawaida hupimwa choo kwanza, kutafuta bakteria wa vidonda vya tumbo; kamera ya kupitishwa kooni hawaikimbilii. Ila alikuwa amepungua kilo saba, na hapo hawabahatishi.

Wakampulizia dawa ya ganzi kooni, wakamlaza ubavu. Mimi nilisimama mlangoni. Nesi akamwekea kipande cha plastiki katikati ya meno.

"Nimezoea kuuma vitu," akasema Nungunungu.

"Hiki usikimeze tu, kaka."

Mpira mwembamba wenye kamera ukaingia. Hata robo saa haikufika. Msumari haukuwepo. Kulikuwa na ukuta mwekundu wa tumbo na kidonda kidogo, na kinyama walichokidonoa kikapatikana na bakteria. Nungunungu akamuuliza daktari mara tatu kama ameangalia kila kona.

"Hata chini ya zulia," akajibiwa. "Vidonge wiki mbili, umalize vyote."

Kisha akatuuliza kazi yetu. Nikamweleza vizuri tu, kwa fahari hata, kwamba misumari inayobaki mdomoni tunaitemea koponi, na kesho yake yeyote anachota. Akaacha kuandika.

"Kopo moja, watu wote?"

"Moja, daktari. Tangu enzi ya fundi aliyenifundisha."

Akasema bakteria hao hudhaniwa hupita mdomoni, au kwa maji, au kwa uchafu wa chooni, hakuna mwenye hakika. Ila kopo tulitupe.

Nungunungu alipona. Alirudi benchini mwezi wa pili, amefunga sumaku kwenye mkono wa kushoto, misumari imeganda hapo kama nyuki. Anachelewa kidogo, lakini kazi ni yake sasa.

Mama wa cherehani ndiye aliyenisukuma nami nikapime, kwa sababu tumbo langu limewaka miaka thelathini nikaliita uzee. Bakteria walewale, vidonge vilevile. Nikamuuliza daktari jambo moja. Akatazama karatasi, akamwita mgonjwa anayefuata. Nikamuuliza dada yangu, akaenda kuanua nguo. Nungunungu mwenyewe nilimuuliza mara moja tu, akaendelea kupiga nyundo.

Mtoto yule aliupata ugonjwa kwangu?