Trekta Lisilojua Kimeru

Baba alilinunua trekta lile kwa Mgiriki mmoja mwenye shamba la kahawa, ambaye alikuwa amepata jingine jipya na kubwa zaidi. Lilikuwa dogo, rangi yake ya kijivu imebabuka, na kiti chake cha chuma kilikuwa na matundu kama chujio. Mgiriki alilitumia kulimia bustani yake ya mboga na kuvutia tela la maji. Mama alipoliona mara ya kwanza alilizunguka pole pole, akaligusa boneti kwa kidole, akasema, "Hili bado halijaachishwa kunyonya."

Baba hakucheka. Alikuwa amelinunua mbele ya watu.

Sisi tulikaa juu mlimani, kwenye kahawa na migomba, ambako trekta halina kazi. Miteremko ya kwetu hata mbuzi huishuka kwa kufikiri. Lakini tulikuwa na shamba la mahindi na maharage kule chini Nduruma, kwenye tambarare, na huko ndiko baba alikokusudia likalime. Shida ilikuwa dereva. Yeye mwenyewe alisema goti lake halimruhusu. Goti hilo lilikuwa likipanda na kushuka mlima kila siku bila manung'uniko, ila hatukuwa watoto wa kumkumbusha mzazi habari za goti lake. Aliyejua kuendesha ni mjomba, kaka yake mama. Wakati wa vita Mwingereza alimpeleka Burma kuendesha malori ya jeshi, na aliporudi akapata kazi ya kuendesha lori la Mhindi mmoja mwenye duka mjini. Alikuwa akikaa Kimandolu na angeweza kuja Jumamosi tu. Siku nyingine nani angelima?

"Watoto watajifunza," baba akasema.

Watoto tulikuwa watatu. Dada yangu mkubwa alikuwa amemaliza darasa la nne shule ya misheni na ameanza kujihesabu mtu mzima. Mimi nilikuwa binti wa katikati. Mdogo wetu wa kiume alikuwa hajaanza shule. Shangazi alipopata habari alipanda mpaka kwetu kuuliza tangu lini msichana akashika usukani. Baba alikuwa mzee wa kanisa na alipenda kujibu swali kwa swali. "Kwani trekta limeuliza?" akamwambia.

Basi Jumamosi ya kwanza tukateremka wote Nduruma, isipokuwa baba. Nyumbani tulizungumza Kimeru, na mjomba vile vile. Lakini alipofika mbele ya lile trekta alibadilika, akawa mtu wa Kiswahili, tena Kiswahili cha jeshini, kifua mbele. Yeye alifundishwa gari kwa Kiswahili, na aliamini kabisa kwamba injini haisikii lugha nyingine.

"Simameni wima! Hii klachi! Hii breki! Hii gia! Nani hajaelewa?"

Mdogo wetu, ambaye hakuwa ameelewa neno hata moja, aliipigia gia saluti.

Dada ndiye aliyetangulia kupanda. Mjomba akapiga hendeli, trekta likakohoa, likawaka, na dada akaondoka vizuri kuliko tulivyotazamia, mjomba akikimbia kando yake. Walipokaribia mwisho wa shamba mjomba akapaza sauti: "Kulia! Kulia! Nimesema kulia!"

Sasa, mdogo wetu alijua maneno machache ya Kiswahili, na moja lilikuwa hilo. Alilipata zahanati, kwa mganga aliyekuwa akimwambia kila mara, "Acha kulia." Hapa alisikia mtu mzima akiamuru kwa hasira kwamba watu walie. Akatii. Alifumba macho, akafungua kinywa, akalia kwa nguvu zake zote. Mama, aliyekuwa upande wa pili akipanda maharage, akatupa jembe na kuja mbio akijua mwanawe amekanyagwa. Mjomba naye akageuka kutazama kuna nini. Dada akabaki peke yake na chuma.

Alipinda kulia, kama alivyoamriwa. Na kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache kupinda, aliendelea. Alilizunguka lile shamba, akatupita, akazunguka tena, kitambaa cha kichwa kimemdondokea shingoni. Mjomba alimkimbiza mpaka pumzi zikamwisha, akaketi juu ya gunia la mbegu, na kuanzia hapo akawa anamfundisha kwa mafungu, kila dada alipopita mbele yake.

"Mguu wa kushoto!" akasema.

Dada akapita, akazunguka, akarudi. "Mguu wa kushoto ufanye nini?"

"Kanyaga klachi!"

Akapita tena, akarudi. "Klachi ndiyo ipi?"

Mama wakati huo amembeba mdogo wetu mgongoni, anamwita mume wake, anamwita Mungu, na katikati anamwelekeza dada kwa Kimeru alisemeshe trekta kama ng'ombe. Dada akajaribu na hilo pia. Mwishowe alikanyaga kila alichokiona chini, trekta likaruka kidogo, likazima. Akashuka, akakung'uta gauni, akafunga kitambaa chake upya.

"Nilikuwa natazama shamba lina ukubwa gani," akasema.

Nilimcheka sana. Nilimcheka mpaka Jumamosi iliyofuata, zamu yangu ilipofika.

Mimi shida yangu ilikuwa miguu. Nikikaa kitini vizuri niliona njia yote, lakini miguu ilining'inia hewani. Nikiteleza mbele mpaka niifikie klachi, kidevu kilishuka chini ya usukani na sikuona kitu. Mjomba alinitazama kwa huzuni ya afisa aliyeletewa askari mfupi.

"Chagua," akasema. "Macho au miguu."

Nikachagua miguu. Niliteleza, nikakanyaga, nikasukuma gia mahali ilipokubali kuingia, nikaachia. Trekta likaondoka. Niliona mawingu yakipita juu ya mlima Meru, nikafurahi, mpaka nilipogundua kwamba yanakwenda upande usiostahili. Nilikuwa narudi nyuma. Dada alikuwa anapiga kelele, mjomba anatoa amri, na nyuma yangu miiba ikaanza kuvunjika.

Lilikuwa boma la jirani yetu wa Nduruma, mzee wa Kiarusha aliyefuga mbuzi. Nililiingia kinyumenyume mpaka gurudumu likakwama na injini ikazima. Mbuzi walikaa wakanitazama kwa muda, kisha wakatoka kupitia mlango nilioutengeneza, wakaenda moja kwa moja kwenye kikapu chetu cha mbegu. Mama na dada wakawafukuza huku na huku, na mjomba, mtu wa Burma, akavutana na beberu mmoja mpaka kofia yake ikaliwa ukingo.

Yule mzee akaja akitembea taratibu, shuka begani, fimbo mkononi. Nilikuwa bado nimeushikilia usukani.

"Shikamoo, babu," nikasema.

"Marahaba. Ulikuwa unakwenda wapi, mjukuu?"

"Kule mbele, babu."

Akatazama mbele, akatazama boma lake. "Basi umefika," akasema. "Shuka unywe maziwa."

Nilikunywa maziwa ya kibuyu, yenye harufu ya moshi, na baada ya hapo mimi na dada tulikata miiba tukaliziba boma. Mzee alikaa kivulini akituonyesha palipobaki wazi. Kila tulipodhani tumemaliza, aliinua fimbo akaonyesha tundu jingine, na ninashuku mengine yalikuwa ya zamani kuliko mimi.

Hata hivyo shamba lililimwa. Dada alishika kazi kweli, akawa hata anaimba akiendesha. Mimi nilifungiwa mto wa majani ya migomba mgongoni ili nifikie, nikaweza kwenda mbele. Kupinda kulinishinda, hivyo nilipofika mwisho wa mstari nilisimama nikamngoja dada aje anigeuzie. Baba alipokuja kukagua alifuata mstari mmoja wa kwangu kwa macho, ukienda huku, ukirudi kule.

"Nyoka huyu," akauliza, "alikuwa anatafuta nini?"

Alitucheka hivyo msimu mzima. Na mavuno yalipofika, trekta likapandishwa mlimani na tela lake, mjomba na dada wakipokezana, kwa ajili ya Jumapili ya mavuno kanisani. Tukapakia mahindi, maboga, mikungu ya ndizi na majogoo wawili. Njiani kina mama wa kwaya wakaomba lifti, wakapanda juu ya vitu wakiimba. Dada aliendesha. Baba alikaa juu ya bawa la gurudumu, lile bati la kuzuia matope, amevaa koti na kofia. Tulipofika kona ya mwisho kabla ya kanisa akasema, "Shuka hapo kitini. Nitamalizia mwenyewe."

"Na goti, baba?" nikauliza.

Mama alinitazama, nikaanza kuhesabu maboga.

Baba aliingia uwanjani amenyooka kama mshumaa. Watu walikuwa wamesimama mlangoni, mchungaji katikati yao na kanzu yake nyeusi, mkono ameunyoosha kumkaribisha. Baba akavua kofia, akamsalimu, akapita.

"Baba, klachi," dada akanong'ona kutoka kwenye bawa.

"Usinifundishe mbele za watu."

Tukalipita kanisa. Kwaya iliendelea kuimba; walidhani kuna mahali pengine pazuri zaidi pa kuegesha. Tukaipita nyumba ya mchungaji. "Baba, klachi," dada akasema, sasa kwa sauti, na baba akajibu kwamba anaijua klachi, na hapo hapo tukaingia kwenye uzio wa mimea ya masale wa mchungaji, tukautoboa, tukaegemea mgomba. Mgomba ukainama, mkungu ukashuka taratibu ukakaa juu ya boneti. Dada alinyoosha mkono juu ya magoti ya baba, akarudisha kijiti cha kuongezea mafuta, injini ikanyamaza. Wimbo ulibaki na sauti moja ya mama mmoja aliyekuwa amefumba macho.

"Sadaka imeongezeka," mama yetu akasema.

Baba alishuka. Kwetu mtu akiomba radhi hupeleka jani la sale, na kwa bahati hakuhitaji kwenda mbali kulitafuta. Alichagua moja lililokuwa zima, akatembea nalo mpaka kwa mchungaji, akampa kwa mikono miwili. Mchungaji alijitahidi kuwa na uso wa ibada, akashindwa, akacheka mpaka akashika ukuta, na uwanja mzima ukamfuata.

Baada ya ibada dada alikalia usukani bila kuambiwa. Baba alipanda nyuma kwenye tela, akaketi kati ya vikapu vitupu, kofia kichwani, akiwaitikia watu salamu zao kama mtu aliyepanga safari iwe hivyo. Mzee mwenzake wa kanisa, akitembea kando, akamwuliza mbona haendeshi.

"Nina dereva," baba akasema.

Dada hakugeuka. Lakini niliona mabega yake yamepanda, na kona ile ya kwanza aliikata pole pole sana, ili kila mtu aione.