Majoho ya Madiwani

"Niombe radhi, mimi?" Mama Povu akaitua pasi kwa kishindo. "Nimewafulia, nimewanyooshea, nimewakunjia. Radhi ya nini?"

"Yananuka, mama!" Karani wa halmashauri alisimama mlangoni mwa chumba cha kufulia, leso puani. "Majoho ishirini na moja ya madiwani! Lete barua ya kuomba radhi, la sivyo kazi ya kutufulia utaisikia redioni tu, kapewa mwingine."

"Barua? Mimi na kalamu hatujawahi kusalimiana."

Miaka thelathini dobi huyu alifua mtoni, chini kidogo ya mabwawa ya kusafishia majitaka. Enzi hizo maji yalikuwa maangavu hata samaki wakiona haya kuoga mchana. Kisha mashine ya mabwawani ikafa, uchafu wa mji mzima ukaachiwa mtoni. Wajukuu wakatoka vipele. Yeye akawa anafuata maji kisimani, mwendo wa kuvunja kiuno. Miezi tisa alipanda ngazi za halmashauri, miezi tisa akaambiwa linashughulikiwa.

Basi yalipoletwa majoho ya kikao kikuu, kisimani hakwenda. Aliyafua palepale mtoni, akayasuuza mara tatu kwa heshima zote. Jua likayakausha, pasi ikayanyoosha, harufu ikajilalia. Ukumbini, madiwani walipoanza kutoka jasho, ikaamka.

"Nasikia nzi walizimia," Mama Povu akasema.

"Walizimia!" Kicheko kikamtoroka karani. "Mwenyekiti akakatisha hotuba, yeye ambaye hata radi haijawahi kumkatisha. Wakaniuliza umefulia maji gani."

"Ukasemaje?"

"Ya mtoni."

"Na huo mto, mwanangu, nani kapewa kuutunza?"

Karani akakohoa. "Halmashauri."

"Na mashine ni ya bibi yangu?"

"Ya halmashauri, mama."

"Haya. Walipitisha kitu, au walikimbia tu?"

"Walipitisha! Madirisha wazi, mikono yote juu: fundi aanze siku hiyohiyo. Ila faili linataka barua, mama. Hata mistari miwili. Nikuandikie mimi, wewe utie dole gumba tu—"

"Dole gumba langu," Mama Povu akaanza, akikunja mkono wa gauni, "lina kazi zake, na wewe hapo—"

Akaingia fundi mitambo, grisi hadi viwikoni, bila hata hodi. Mkononi alishika chupa ya maji aliyokinga kwenye bomba la mabwawani linalomwaga mtoni. Akaiinua mbele ya kifua cha karani, na kupitia mlemle ndani ya maji Mama Povu akaviona vifungo vya shati lake, kimoja kimoja.