Mwanamke Aliyesikiliza Chokaa

Juzi ukuta wa sebule yangu ulitema. Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, nimevua viatu, nimekaa na kikombe cha chai, sina haja na mtu. Nikasikia mlio mdogo, kisha kipande cha plasta chenye upana wa kifungo cha koti kikaanguka nyuma ya televisheni. Ninaishi Kilimani, katika fleti ambayo bado inanuka upya, na fundi nilipomwita alikitazama kile kitundu akasema, "Madam, hiyo ni unyevu tu, tutaziba." Sikubishana naye. Umri wangu wa kubishana na mafundi umepita. Lakini alipoondoka niliinama nikachungulia, nikaona katikati ya kitundu chembe nyeupe, laini, mfano wa unga, nikajua kwamba mahali fulani mtu alichoma chokaa vibaya na hakuna aliyeisikiliza.

Utaniuliza chokaa inasikilizwa vipi. Hata mimi ningeuliza, kama nisingelelewa Waithaka, hatua chache kutoka kwenye tanuri la chokaa, enzi ambazo Waithaka bado ilikuwa na ng'ombe wengi kuliko magari. Lilikuwa tanuri la mviringo, la mawe ya kijivu, limejengwa kwenye mteremko ili malori kutoka upande wa Kajiado yafike mdomoni mwake kwa juu na kumwaga mzigo: tabaka la mawe ya chokaa, tabaka la kuni za miwati, kisha mawe tena. Liliwaka siku nne au tano mfululizo, na moshi wake uliingia kwenye nguo zetu za shule, kwenye maziwa, kwenye mkate. Watu wazima walipenda kujigamba kwamba kuta za zamani za katikati ya jiji, zile za maduka yenye nguzo, zilipigwa plasta kwa chokaa yetu. Sijui kama ni kweli. Nikienda kazini hupita kando ya kuta hizo, na mkono bado hunisukuma kuzigusa.

Mama yangu alikuwa mchekechaji wa chokaa iliyosagwa. Yeye na wenzake walijipaka mafuta ya kupikia usoni na mikononi kabla ya kazi, maana chokaa hula ngozi, wakajifunga leso puani, na jioni walirudi nyusi nyeupe tukawacheka kwamba wamezeeka tangu asubuhi. Mchana githeri yao ya mahindi na maharagwe ilipashwa moto kando ya vinywa vya chini vya tanuri, kwenye makopo, na sisi watoto tulifukia viazi vitamu ndani ya majivu. Kila kitu kilikuwa na ladha ya vumbi. Hata leo nikila kiazi cha mkaa cha mtaani naona kimepungukiwa na kitu, na kitu chenyewe, nadhani, ni chokaa.

Jirani yetu, mama mmoja aliyetoka Ukambani, ndiye aliyekuwa sikio la tanuri. Tuliishi ukuta kwa ukuta. Alifika Nairobi akiwa msichana wa kuchota maji pale tanurini, akapanda polepole mpaka kazi yake ikawa moja tu. Tanuri likishapoa na mawe kutolewa, aliketi juu ya debe lililopinduliwa, akashika kipande kifupi cha nondo, na kuyagonga mawe moja baada ya jingine. Jiwe lililoiva lilitoa sauti nyepesi ya kibuyu kikavu. Jiwe bichi lilitoa sauti ya jiwe lolote. Lakini lililoungua, lile lililokaa karibu mno na moto, lilitoa sauti kali ya kikombe kinachogongwa kwa kijiko, na hilo ndilo aliloliogopa. Jiwe lililoungua halikubali maji siku ile linapomwagiwa. Linakaa kimya, linaingia kwenye plasta na wenzake, linasubiri. Siku mvua ikileta unyevu ndani ya ukuta, linavimba na kupasua.

"Hii inajifanya imekufa," alituambia, akilitenga kando. "Itaamka kwa nyumba ya watu."

Sisi hatukusikia tofauti yoyote. Tuligonga, tukategea masikio, tukasikia mawe. Yeye aliketi pale asubuhi nzima, midomo ikicheza kidogo kana kwamba anahesabu, na mwenye tanuri, mzee aliyeishi Parklands na kuja mara mbili kwa wiki akiwa amevaa viatu visivyofaa kabisa kwa kazi ile, alisimama nyuma yake bila kumkatiza. Masikio ya jirani hayakuishia kazini. Kanisani ndiye aliyeanzisha nyimbo, bila kinanda, na kwaya nzima ikamfuata. Nikikohoa usiku, asubuhi alikuwa mlangoni na maji ya tangawizi kabla mama hajamwambia lolote. Nilimpenda sana. Naanza na hilo kwa sababu yanayofuata hayatakuonyesha hivyo.

Jumamosi watoto tulipewa kazi ya kubeba mawe aliyoyakataa hadi shimoni, chini karibu na mto. Lilikuwa shimo la mbali na njia ya kurudi ilikuwa ya kupanda. Nilikuwa darasa la tano. Jumamosi moja kulikuwa na harusi mtaani, na kwenye harusi kulikuwa na soda, na wenzangu walikuwa wamekwisha kukimbia. Mimi nilikuwa nimebakiza makarai mawili. Jirani alikuwa ameenda kunywa chai na akina mama. Karibu nami kulikuwa na rundo la mawe mazuri, yanasubiri kuingizwa kwenye mashine ya kusaga. Yote meupe. Nikamwaga karai la kwanza juu ya rundo lile, nikatazama huku na huku, nikamwaga la pili. Kisha nikanawa miguu nikaenda harusini, nikanywa soda ya machungwa. Ilikuwa tamu sana, sitakudanganya.

Ukishasaga mawe hakuna jicho wala sikio linaloweza kuyatenganisha tena. Chokaa ile ilipelekwa shuleni kwetu, kwa plasta ya darasa jipya, na likizo ilipokwisha darasa hilo likawa letu. Nilikaa dawati la tatu, ubavuni mwa ukuta. Mvua ndefu ilianza wiki hiyo hiyo. Siku ya kwanza kipande kimoja kiliruka tukiwa kwenye hesabu, darasa likacheka. Kufikia mwisho wa mwezi ukuta wote ulikuwa umeota vidonda, na mwalimu, aliyekuwa na maneno yake, akasema ukuta una tetekuwanga na tusiuguse. Siku kipande kilipotumbukia ndani ya chai yake tulicheka mpaka akatutoa nje. Nami nilicheka, rafiki yangu. Nilicheka kwa sauti kuliko wote, kisha nikaenda nyuma ya choo nikakaa huko mpaka kengele ikalia.

Mwenye tanuri alikuja na vipande vile vimefungwa kwenye karatasi. Nilikuwa nimesimama karibu na mama yangu, akichekecha. Jirani alikichukua kipande kimoja, akasugua ile chembe kati ya vidole viwili.

"Hii iliungua," alisema. "Na ni mimi nilipitisha."

Mzee yule hakuwa mkali. Alisema jambo kama hilo linaweza kumpata mtu yeyote, apumzike siku mbili, arudi Jumatatu. Jirani akatikisa kichwa. Alisema kama sauti ile imempita, basi hasikii tena, na itampita nyingine, na siku moja dari litamwangukia mtoto wa mtu. Akaiweka ile nondo juu ya debe akaondoka na leso yake mkononi.

Na mimi unajua nilihisi nini? Nafuu. Nimelitafuta neno jingine kwa miaka mingi, sikulipata. Mtu mzima alikuwa ameubeba mzigo wangu kwa hiari yake, na mimi nikamwachia.

Alijaribiwa mwingine kwenye lile debe, akashindwa, akajaribiwa mwingine. Jirani alianza kuuza muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa ya kwao, na maharagwe kando ya barabara. Kanisani aliacha kuanzisha nyimbo. Akikaa viti vya nyuma aliimba baada ya wote kuanza, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba ruhusa, na mtu alipomuuliza alijibu kwamba masikio yamechoka. Mwaka uliofuata ilikuja barua kutoka tanuri kubwa la upande wa Kajiado. Mwenye tanuri wetu ndiye aliyemsifia huko. Hakuwa ameamini ile habari ya masikio. Mama alimsomea jirani barua hiyo nyumbani kwetu, kwa sauti, mara mbili. Walikuwa tayari kumpa nyumba na kazi ile ile. Mimi nilikuwa naosha vyombo mlangoni. Nilijua kabisa kwamba nikifungua kinywa wakati ule, jirani yetu atapanda lori kwenda Kajiado na nondo yake. Niliosha sufuria moja mpaka mama akaniambia itatoboka. Jirani akakunja barua, akasema hawezi kwenda kuharibia watu nyumba zao.

Tanuri lenyewe halikudumu baada ya hapo. Rangi za mikebe zilikuwa zimeingia, simenti ilikuwa kila mahali, na hakuna aliyetaka kungoja chokaa. Lilizimwa katikati ya wiki, na akina mama wakatawanyika, huyu sokoni, yule kufulia watu nguo, mama yangu kufagia ofisi mjini. Mimi nilienda shule ya bweni, kisha chuo, kisha kazi ya serikali, ambako nimekaa nikipiga mihuri mpaka macho yakaanza kuhitaji miwani. Kila Desemba nilijiambia mwaka huu nitamwambia. Mama alipofariki, jirani alinishika mkono makaburini kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nikasema nitamwambia matanga yakiisha. Yaliisha, na miaka kadhaa ikapita juu yake.

Baada ya ukuta wangu kutema niliita gari kwa simu nikaenda Waithaka. Tanuri limebaki duara la mawe linalonifika kiunoni, juu yake pamewekwa tangi la maji la plastiki, na nguo za watoto zimeanikwa kulizunguka. Kijana aliyekuwa akiosha pikipiki hapo alinieleza, bila kuulizwa, kwamba "hiyo ni kitu ya wakoloni, walikuwa wanafungia watu hapo." Sikumsahihisha. Miguu ilikuwa inauma na nilikuwa na langu.

Jirani bado anaishi pale pale, ingawa nyumba ya mbao imekuwa ya mawe. Anakaribia miaka themanini. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe kwenye ungo, na kabla sijavuka lango alisema, bila kuinua kichwa, kwamba hatua zile ni za mtoto wa jirani. Nilisimama. Alinitambua hata ndani ya viatu vipya, nilivyonunua mwezi uliopita. Nikakaa kwenye kigoda, nikakataa chai, nikamwambia yote: Jumamosi ile, harusi, rundo karibu na mashine.

Mikono yake iliacha maharagwe.

"Karai ngapi?"

"Mbili, mama."

"Hiyo yote ilikuwa ile nilikuwa nimetoa kando?"

"Yote. Hukupitisha hata moja."

Alitazama barabara. Baadaye akanieleza, kwa utaratibu, kwamba mwaka ule alikwenda hospitali fulani Parklands, kwa nauli ya kukopa, akafungiwa kwenye chumba na kuvalishwa vitu masikioni, na daktari akamwambia hana tatizo lolote. Alirudi nyumbani akimhurumia daktari yule kwa kutojua kazi yake. Halafu akauliza kama siku ya barua ya Kajiado nilikuwa nyumbani. Nikamwambia nilikuwa mlangoni naosha vyombo.

"Si ungesema tu, mwanangu," akasema. Sauti haikupanda. "Nenda sasa. Sina hasira. Nataka kukaa na hii kidogo, peke yangu."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa machozi, kwa maombi, kwa kulaaniwa hata. Sikujitayarisha kutumwa nyumbani. Nilitoka nikasimama barabarani nikingoja gari, nimechoka mpaka kwenye mifupa, na mwepesi sikuwa, kinyume na wanavyosema watu kuhusu kuungama.

Usiniambie nilikuwa mtoto. Nilikuwa mtoto Jumamosi moja. Miaka iliyofuata nilikuwa mtu mzima mwenye meza, mshahara na simu. Wala usiniambie kwamba tanuri lingekufa hata hivyo. Lingekufa, ndiyo. Yamekwisha malori ya Kajiado, imekwisha miwati, wamekwisha wanawake wenye nyusi nyeupe, na hilo ninalikubali kama ninavyokubali mvi zangu, maana hakuna aliyekuwa na uwezo wa kulizuia. Lakini yeye angeweza kuyaona yote hayo yakiisha huku akijiamini. Alikuwa sahihi kuhusu kila jiwe, na miaka hiyo yote mtu pekee aliyelijua hilo nilikuwa mimi.