Lami Iliyokaa Kivulini

Niliwahi kuwa mtaalamu wa lami, au tuseme nilikaribia. Shahada yangu ya uzamili ilitegemea swali moja: lami ikichanganywa na unga wa matairi makuukuu, au na oili chafu ya gari, itachelewa kuzeeka juani? Jua la Kisumu huikausha mafuta, hewa nayo huifanya ngumu, mwishowe inapasuka kama kisigino.

Chuoni, huko Maseno, tulikuwa na tanuri la kuizeesha lami kwa joto. Lakini tanuri halina mionzi ya jua. Kwa hiyo nilimimina sampuli zangu katika visahani vya bati, nikavipanga juu ya banda la mama, mtaani Kaloleni, Kisumu. Vingine vilikuwa na mpira, vingine oili, vingine lami tupu. Mama alikuwa muuzaji wa omena, dagaa wa ziwani, na juu ya banda hilo ndipo alipoianika. Nilimwomba asiviguse. Hakuvigusa.

Kiangazi kilipokaribia kwisha nilivipima. Vyote vilikuwa laini, hata vile vya lami tupu. Niliandika sura nzima ya matokeo, yenye majigambo ya kutosha. Kisha siku moja nikafika nyumbani mchana, bila kutarajiwa, nikakuta visahani vimefunikwa gunia pamoja na omena.

"Mama, hii ni nini?"

"Jua la saa sita ni kali, wuoda, mwanangu. Omena ikikauka sana inavunjika. Si ulisema hizi zako pia zinavunjika?"

"Nilitaka zivunjike."

Akanitazama kwa huruma. "Na hiyo ndiyo unasomea?"

Mvua zikaanza, ufadhili ukaisha, sura yangu ikaishia jikoni kuwashia jiko. Nikageukia kuandika makala, kazi isiyohitaji jua. Lakini kila nikipita barabara ya Ahero na kuona nyufa, najiuliza kama ule mpira ungesaidia. Ningepata kujua. Kiangazi kimoja tu kingetosha.

Siku hizi mama hukaa nje asubuhi, kwenye kiti cha plastiki, ngozi ya mikono yake imekuwa nyembamba kama karatasi. Jana jua lilipopanda nilimfungulia mwavuli.

"Toa hicho kitu," akasema. "Mimi si omena."

Nikaufunga. Nikakaa kando yake, jua likimpiga usoni, nami nikilitamani lile gunia.