Niliacha dawa siku ya tatu, mjukuu wangu akanionyesha vijiti vinavyojikata viwili

Wakuu, na nyinyi vijana mnaosoma hii mkiwa kazini mkijifanya mna shughuli, hamjambo nyote.

Mimi ni nyanya wa hapa Voi. Shule niliichungulia tu, naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Lakini nikitia chumvi hapa, ugali wangu usiive wiki nzima.

Mambo yalianza na mkojo. Msione haya, nyote mnakojoa.

Ulikuwa unawaka kama nimekalia pilipili. Hospitali wakapima, daktari akasema ni bacteria, akanipa antibiotic za siku saba.

"Mama, umalize zote, hata ukisikia uko sawa."

Nikaitikia vizuri sana.

Siku ya tatu moto ukazima. Sasa, mimi jikoni nina kopo la majani chai, na dawa yoyote inayobaki huingia humo. Mtaani kwetu ndivyo tunavyoishi: ukipona, unamwekea mwenzako. Mtu akikohoa, kwa nyanya. Akiumwa na jino, kwa nyanya. Nilijivunia hilo kopo kuliko kuku wangu.

Basi zile zilizobaki nikazitia, nikafunika, nikajiona mama mwema.

Wiki haikuisha. Homa, kutapika, mgongo upande mmoja kama nimekatwa panga. Jirani yangu Mama Mutua alinikuta nimelala sakafuni.

"Wewe ndiye daktari wetu, sasa wewe tukupeleke wapi?"

Hata katika ile hali nilicheka, kisha nikatapika tena.

Daktari alisema ugonjwa umepanda hadi kwa figo. Ningechelewa kidogo, pengine ningeipoteza. Nikalazwa.

Ndipo akaja Wakesho. Huyu ni mjukuu wangu, nilimbeba mgongoni kule Wundanyi nikipalilia maharagwe. Leo yuko chuo kikuu anasomea bacteria. Ndiyo, naringa, na bado sijamaliza.

Alikaa kando ya kitanda.

"Nyanya, zile dawa ulimaliza?"

"Nilimaliza."

"Na kopo liko wapi?"

Mtoto huyu ananijua.

Hakunigombeza. Alitoa simu akanionyesha video ya lab yao. Nikaona vijiti vidogo, kama punje za mchele.

"Hawa ndio wanakuwanga kwa mkojo. Angalia huyu mmoja."

Kijiti kikaanza kurefuka. Kinarefuka tu, hakinenepi, si kama mimi. Wakesho akasema humo ndani kinanakili maagizo yake yote ya kuishi, ili kila upande upate yake. Kisha katikati, ndani, kunajifunga kitu kama mshipi.

"Kama mtu amejifunga leso kiunoni?"

"Hivyo hivyo, nyanya. Sasa leso inakaza."

Ikakaza, ikakaza, kiuno kikaisha. Kimoja kikawa viwili. Viwili vikawa vinne. Akaniambia vikipata joto na chakula, dakika ishirini hivi zinatosha. Mimi dakika hizo sijaivisha hata chapati moja!

Video ya pili walikuwa wametia dawa. Vijiti vinarefuka lakini leso haikazi. Vikawa virefu kama nyuzi za mkonge, haviwezi kugawanyika. Nikapiga makofi.

"Ngoja," akasema. "Hapa dawa imeoshwa, haipo tena."

Wakuu, ule uzi ukaanza kujikata. Vipande, vipande, vipande. Kimoja kikawa kundi zima.

Nikashusha mikono. Kisha nikauliza, "Hawa ni wangu?"

"Hapana, hawa ni wa lab. Na si dawa zote hufanya hivi, zingine huwapasua kabisa. Lakini ukiacha mapema, wale waliobaki wanarudi kazini. Wale wako walirudi."

Nililia kidogo, si kwa uchungu. Daktari aliniambia, nikaitikia tu. Huyu alinionyesha, nikaona.

Safari hii nilimeza dawa mpaka ya mwisho, hata siku ambazo nilikuwa na nguvu za kufukuza mbuzi shambani. Figo ikapona. Namshukuru Mungu, nawashukuru daktari na wauguzi, namshukuru Mama Mutua aliyeniinua, na namshukuru huyu mtoto aliyesomea vitu nisivyoviona ili niendelee kumwona yeye.

Zile dawa Wakesho alizirudisha hospitali. Kopo nikalisugua.

Juzi Mama Mutua akaja anakohoa, hakubisha hodi, mkono moja kwa moja kwa kopo.

"Ai! Hizi si pojo?"

"Ni pojo, ndengu safi. Chukua ukapike. Na kesho twende pamoja ukapimwe, mimi nitakushikia foleni."

Alininunia hadi nje. Lakini asubuhi alikuwa mlangoni, amejifunga leso, tayari.

Nilichojifunza ni hiki: kusikia nafuu si kupona, na dawa yangu haikuwa zawadi ya mtu.

Haya, semeni ukweli hapo chini, sitawacheka. Kopo lenu mmelificha wapi?