Mafuta kwenye Mukaba

Kazi ya mume wangu ilikuwa kupaka mafuta magurudumu ya mabehewa hapa steshoni ya Kamina, na hata nyumbani mkono wake haukutulia. Mlango ukilia, anaupaka. Baiskeli ya mtu ikipita inalia, anaisimamisha. Nilikuwa nimeolewa juzi tu, nami nilimpenda hivyo hivyo, na vidole vyake vyeusi.

Jumamosi moja asubuhi, kabla ya kwenda kazini, akaiona mashini yangu ya kushona, ile ya kukanyaga kwa miguu, akaihurumia. Akaipaka mafuta kila mahali. Kila mahali kabisa.

Mezani palikuwa na kanzu nyeupe ya ubatizo, mikono yake bado haijaungwa. Ilikuwa ya mtoto wa jirani yangu wa kambi ya reli, ambaye nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa alinizidi umri. Mtoto wake wa kwanza alibatizwa akiwa na kanzu ya kuazima, akazikwa kabla mvua hazijaisha. Wa pili vilevile. Huyu wa tatu, aliapa, ataingia kanisani kesho na nguo ambayo haikuvaliwa na mtoto mwingine. Nami nikamwambia, "Yaya, lala usingizi, hiyo kazi iko yangu." Siku zile niliahidi watu ovyo ovyo, kichwani mwangu nilikwisha kuwa na duka sokoni, lenye dirisha la kioo.

Nikakaa, nikakanyaga. Miguu ilikwenda, sindano ikasimama. Nikakanyaga kwa nguvu. Ikashona kidogo, ikalala tena.

Yaya alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni. "Inakufa?"

"Haiyakufa."

"Bantu ba hii kambi beko na macho mubaya. Banakuona unachekaka sana."

"Basi bacheke na bo. Ikala, yaya." Nikamsogezea kigoda akae.

Mume wangu akarudi mchana, akatutazama, akataka bisibisi moja kwa moja. "Nifungue kichwa yake. Ubaya iko mule ndani."

"Weye usiguse!"

"Miye natengenezaka treni, mama."

"Treni haishonake kanzu."

Yaya akacheka, kisha akakumbuka kesho, akamkaza mtoto mgongoni.

Nikalizungusha gurudumu dogo la juu kwa mkono. Sindano ikapanda na kushuka, laini kabisa. Basi kichwa kizima. Nikakanyaga huku nimeinama: gurudumu kubwa la chini nalo likazunguka vizuri. Kati yao kulikuwa na mukaba tu, ule mkanda wa ngozi unaopeleka nguvu ya miguu juu. Uling'aa kama samaki aliyetoka mtoni. Gurudumu lilikuwa likizunguka, mukaba wenyewe umetulia, linateleza tu ndani yake.

"Nani alipaka mukaba mafuta?"

Mume wangu akaangalia paa. "Ilikuwa inakauka. Niliionea huruma."

Nikauvua. Nikausugua kwa majivu ya mbabula, jiko letu la makaa, nikaufuta kwa kitambaa kikavu, nikausugua tena mpaka ngozi ikakwaruza kidole. Nilipourudisha ulilegea; mafuta yaliufanya urefuke. Nikakata kipande kidogo kwa kisu. Yeye akapasha msumari moto, akatoboa tundu nilipomwonyesha, akaunganisha ncha mbili kwa waya wa shaba, akaubana na koleo. Kazi safi. Sikumnyima sifa.

"Usipake kitu," nikasema.

"Sipake, mama. Naangalia tu."

Nikakanyaga. Mukaba ukashika, na ile sauti ikajaa nyumbani, taka-taka-taka, mpaka mtoto akaamka mgongoni akatazama. Nikaunga mkono wa kwanza, nikaunga wa pili, jua lingali uani.

Yaya akaipokea kanzu, akaigeuza ndani nje, akaitia puani, akavuta harufu muda mrefu.

"Inanuka majivu," akasema. "Hainuke mutoto."

Akaketi kwenye kizingiti changu, akamshusha mwanawe, akamvika pale pale.

"Ubatizo iko kesho!" mume wangu akapiga kelele. "Ataichafua!"

"Aichafue," akasema yaya, akifunga utepe wa shingoni. "Iko yake."