Maganda ya Ndimu na Kopo la Dukani

Mama mkwe wa dada yangu alikuwa na msemo wake mmoja: "Uchafu hausafishi uchafu." Aliusema akiwa ameshika ganda la ndizi kwa vidole viwili, mkono ameunyoosha mbali na kanga yake, kama mtu aliyeshika panya kwa mkia. Miaka mitatu imepita, na bado nikilikumbuka lile ganda shingo yangu inapata moto. Uchafu tangu lini? Ganda hilo liliifunika ndizi juu ya lori kutoka kwetu Mbeya hadi sokoni Iringa, likapokea vumbi la njia nzima, ndizi ikafika safi. Ndizi akaila yeye. Ganda likawa uchafu, na mimi niliyeliokota nikawa mchafu.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Dada alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, na kwetu mdogo wa mzazi ndiye anayekwenda kumchotea maji na kumfulia mpaka apate nguvu. Dada alikuwa ameolewa na muuza vitambaa wa Iringa, Mwislamu, ambaye babu yake alitoka pwani. Sisi ni Wakristo wa milimani. Ndoa ile ilikuwa imemezwa kwa shida pande zote mbili, kwa hiyo hata kabla sijatua mzigo wangu nilijua kwamba natazamwa.

Na kulikuwa na kitu nilichokitaka. Baba yetu alipeleka shule wavulana tu. Mimi nilijifunza kusoma peke yangu, kwa vipande vya magazeti vilivyofungiwa chumvi na sukari, na sikujua kama ninavyosoma ndivyo, kwa sababu hapakuwa na wa kunisahihisha. Iringa kulikuwa na darasa la wanawake, alasiri, kusoma na kuandika. Shemeji aliniambia siku ya pili tu: "Mama akiridhika na wewe, baada ya arobaini utabaki hapa, na mimi mwenyewe nitakuandikisha." Mama akiridhika. Tangu siku hiyo sikushika hata kijiko bila kuyafikiri maneno hayo mawili.

Sasa niseme kasoro yangu, maana nisipoisema hamtaelewa. Siwezi kuacha kitu kikiwa karibu safi. Nguo nafua mara mbili. Sahani naipeleka mlangoni kwenye mwanga, nikiona alama ya kidole narudia. Nilikuwa na daftari nililoandika vipimo vya kila kitu: majivu vikombe vingapi, maji vikombe vingapi, loweka mpaka kivuli cha jiko kifike wapi. Nikikosea herufi nilichana ukurasa mzima. Daftari lilikuwa limekonda kama mimi.

Vipimo vyenyewe vilikuwa vya bibi yetu. Maganda ya ndizi yanaanikwa mpaka yawe meusi na makavu, yanachomwa juu ya jiwe bapa lililofagiliwa, majivu yanatiwa kwenye chungu kibovu chenye matundu chini, juu ya nyasi. Unamimina maji taratibu. Yanayodondoka yana rangi ya chai ya rangi, na yanateleza mkononi. Unatumbukiza unyoya wa kuku: ukitoka umenyonyoka, ongeza maji, ukitoka mzima, fanya kazi yako. Kwa maji hayo bibi alitoa mafuta kwenye vyungu, jasho kwenye mashuka, na masizi kwenye vigoda. Hakuna mtu kijijini aliyewahi kuiita nyumba yake chafu.

Wiki ya kwanza nilifua vitambaa vya mtoto kwa maji hayo. Mama mkwe akavishika kwenye kamba, akavinusa.

"Mashallah," alisema. "Umefulia nini, mwanangu?"

Nikampeleka nyuma ya jiko, mjinga mimi, nikamwonyesha chungu kibovu na rundo la maganda. Ndipo nilipousikia ule msemo kwa mara ya kwanza. Akampigia dada kelele dirishani.

"Mkwe! Huyu mdogo wako anamvisha mjukuu wangu jalala!"

Vitambaa vilevile, dakika ileile, vilikuwa vyeupe. Macho yake yalikuwa yameviona na pua yake ilikuwa imevinusa. Lakini alivirudisha vikafuliwa upya kwa sabuni ya mche, vikawa vya kijivu kidogo, naye akaridhika. Kisha akanikabidhi kopo la unga wa kusugulia vyombo kutoka dukani, lenye picha ya mwanamke anayecheka. "Hiki ndicho kinachosafisha," alisema. Nilikaa nikimtazama yule mwanamke wa kwenye kopo. Mikono yake haikuwa na hata ukucha mmoja uliovunjika. Alikuwa anacheka nini?

Chungu sikukitupa. Nilikihamishia nyuma ya choo.

Siku ya akika, mtoto aliponyolewa nywele zake za kwanza, walichinjwa mbuzi wawili na pilau likapikwa kwenye sufuria nne kubwa za kuazima. Mwenye sufuria alikuwa jirani yetu, mama wa Kihehe mnene mwenye sauti ya kuvuka bonde, na sufuria zake ndizo zilizopikia shughuli zote za mtaa, za Waislamu na za Wakristo. Chini ya kila moja alikuwa amekwaruza alama kwa msumari. Desturi ilijulikana bila kuandikwa: chombo cha kuazima hurudi siku ileile, na hurudi safi kuliko kilivyotoka. Kikirudi na ukoko, nyumba yako haiazimwi tena, na sababu itasemwa kisimani.

Wageni walipotawanyika, sufuria zililetwa uani kwangu. Mafuta ya mbuzi yalikuwa yameganda, maana Iringa upepo wa juu ya kilima haungoji, na ukoko wa wali umeshika kama gome. Kopo la dukani lilikuwepo, tena limejaa. Sitajitetea. Nilijaribu unga ule kwenye upande mmoja wa sufuria moja, mafuta yakageuka uji, nikasema moyoni: sasa wataona. Sikutaka tu sufuria zitakate. Nilitaka kushinda.

Nikayapima maji ya majivu kwa unyoya. Unyoya ukatoka mzima. Nikayamwaga katika sufuria zote nne, nikaenda kumwogesha mtoto.

Mnaojua mnacheka tayari. Vyungu vya bibi vilikuwa vya udongo, vyote. Kijijini kwetu hapakuwa na sufuria ya alumini hata moja, na unyoya wa bibi haukujua habari za alumini. Niliporudi, maji yalikuwa yanachemka bila moto. Yalikuwa yakitoa mapovu madogo madogo na kunong'ona. Niseme na hili: niliusikia mnong'ono huo tangu mwanzo, nilipokuwa ninaondoka, nikafurahi. Nilidhani ni uchafu unalia.

Nilipomwaga, mafuta yalikuwa yametoka yote. Na sufuria zilikuwa nyeusi ndani, nyeusi ya kijivu, kama ulimi wa mgonjwa.

Mama mkwe alitoka akiwa na tasbihi mkononi. Alitazama sufuria ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne hakuitazama, alikaa juu ya kinu.

"Umefanya nini?"

"Zilikuwa hivyohivyo, Mama."

Ndiyo, nilisema hivyo. Nilidanganya, na nilidanganya vibaya, huku mkono wangu ukiwa bado unateleza kwa maji ya majivu. Akaushika mkono huo, akaunusa.

"Zilikuwa nyeupe kama mwezi! Nimezipokea mimi mlangoni! We mtoto, umezichoma sufuria za watu kwa jalala lako!" Kisha akageukia dirisha la mzazi. "Mkwe, huko kwenu hamna mama? Hamna wa kuwafunza? Ijumaa basi la Mbeya linapita. Mfungie mdogo wako mzigo."

Nilimsikia dada akimtuliza mtoto ambaye hakuwa analia.

Kosa langu ninalikubali lote. Lakini ninauliza mpaka leo: kama ningeziunguza kwa unga wa kopo, angeuliza kama kwetu kuna mama? Kosa la kopo lingekuwa kosa la kopo. Kosa la ganda likawa kosa la ukoo wangu mzima.

Alipoingia ndani kuswali alasiri, nilianza kufagia ua huku nimezibwa macho na machozi. Kwenye meza ya kachumbari kulikuwa na lundo la ndimu zilizokamuliwa, mamia ya nusu nusu. Nikazisomba kwa mikono, nikazitupa katika sufuria moja nyeusi iliyokuwa na maji kidogo, nizibebe shimoni. Njiani mikono ikachoka, nikatua. Nilipoinamisha sufuria nikaona, pale ndimu zilipokuwa zimelala, alama nyeupe za duara.

Nikasimama. Nikasugua duara moja kwa ganda. Likapanuka.

Sikuita mtu. Niliongeza maji, nikatia maganda mengine, nikaibandika jikoni. Ilipochemka kwa muda wa kwenda na kurudi kisimani, nikaimwaga, nikasugua kwa maganda yaleyale na mchanga laini wa mtoni Ipogolo. Sufuria ikarudi. Ikang'aa kuliko ilivyokuja. Nikafanya ya pili kwa vipande arobaini vya ndimu, ya tatu kwa hamsini, nikaandika, nikaona arobaini vinatosha. Ya nne ilibaki na mkwaruzo wa chembechembe kwenye kitako, kama ngozi ya mtu anayehisi baridi. Huo haukutoka. Niliusugua mpaka kidole kikatoa damu na haukutoka.

Mama mkwe alizikuta zimepangwa ukutani. Aligusa moja. Akaendelea na tasbihi yake, nami moyoni nikaanza kulihesabu darasa la alasiri kama langu.

Jua lilikuwa halijazama jirani alipokuja.

"Kamwene!" alisalimu kwa Kihehe. "Hodi ya sufuria!" Akaziinua moja moja, akajitazama ndani kama kwenye kioo. "Haya! Sufuria zangu mmezinyoa pamoja na mtoto? Hata mimi mwenyewe sijawahi kuziona hivi tangu nizinunue. Shoga, mmetumia dawa gani?"

Mama mkwe alinitazama. Ilikuwa mara moja tu, na jicho hilo nililielewa vizuri: nyamaza, nawe utabaki.

"Ule unga wa kopo," alisema. "Wa dukani. Siachi kuutumia."

"Kumbe! Na mimi nitamwambia mzee aninunulie."

Nilikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Darasa lilikuwa pale, umbali wa kufumba mdomo. Na mimi ni mwoga, nimeshawaambia kwamba alasiri hiyohiyo nilidanganya kuhusu sufuria zilezile. Lakini yule mama akaanza kunishukuru mimi kwa kumsugulia kwa unga, akiwa ameshika ile sufuria ya nne, kidole chake kikipita juu ya zile chembechembe, na nikaona kwamba uongo wa mwenzangu siuwezi kama nilivyouweza wangu.

"Si unga, mama," nilisema. "Kwanza nilizitia maji ya maganda ya ndizi, zikaharibika. Hiyo unayoigusa imekwaruzika, na kosa ni langu. Halafu nimezirudisha kwa maganda ya ndimu. Kopo limepungua kijiko kimoja tu, liko pale, litazame."

Jirani akalitazama kopo. Kisha akacheka mpaka kifua kikatikisika. "Maganda! Haya, mwanangu, mimi sufuria yangu inapika, haiolewi. Mkwaruzo si kitu." Akaondoka na sufuria zake kichwani, mbili yeye na mbili binti yake aliyemfuata, akicheka njia nzima.

Mama mkwe hakucheka. "Umenivua nguo mbele ya mgeni wangu," alisema polepole. Na hapo, nakiri, alikuwa na haki kidogo. Ningeweza kumfuata jirani nikamwambia njiani. Sikulifikiri hilo mpaka nilipokuwa ndani ya basi.

Ijumaa shemeji alinishusha mpaka Ipogolo barabarani, bila kunitazama usoni, akanipa penseli mbili mpya. Hayo ndiyo yaliyobaki ya darasa. Ninataka ieleweke vizuri: sikurudishwa kwa kuharibu sufuria za watu. Hilo lilikuwa limesamehewa. Nilirudishwa kwa kusema zilivyosafishwa.

Mwaka huu dada aliniandikia, kwa herufi nilizomfundisha mwenyewe kabla hajaolewa. Mtoto anakimbia, biashara inakwenda, na nyumba yao inaazimwa sufuria kama zamani. Halafu, chini kabisa, kama jambo dogo: "Mama siku hizi hatupi ndimu. Anazikausha chumbani kwake. Zikikauka tunazitwanga, tunazitia kwenye lile kopo. Wageni wakiuliza anawaonyesha kopo. Lakini hazing'arishi kama zako, tunakosea wapi?"

Nilikasirika siku tatu. Mwanamke wa kwenye kopo anacheka bado, na sasa anacheka kwa ndimu zangu. Nilianza barua nne, nikazichana zote, mbili kwa hasira na mbili kwa herufi mbaya. Siku ya nne nikachonga kipande kilichobaki cha penseli ya pili na kumjibu: zisikaushwe, zinapoteza nguvu. Zitumike mbichi, vipande arobaini kwa sufuria kubwa, zichemke muda wa kwenda na kurudi kisimani. Na majivu yasikaribie alumini kamwe. Hilo nilipiga mstari mara mbili, kisha nikaurudia ukurasa mzima, kwa kuwa mstari wa pili ulipinda.